Kabla Sijaomba

Kivinjari, nina neno nawe.
Keti hapo, juu ya debe la salfa.

Jumatatu niliweka bando la elfu moja, hela ya mayai,
nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya shamba
maana kwetu Hombolo mtandao husimama pale tu.
Niliuliza jambo moja:
ubwiri unga kwenye zabibu,
dawa kiasi gani kwa bomba la lita ishirini.
Jambo moja. Sikuuliza habari za binamu zake.

Majani yalikwisha kupakaa unga
kama mtoto aliyedokoa sembe,
vishada bado ukubwa wa punje za choroko.
Ukichelewa siku mbili, msimu umekwenda.

Orodha ikaja. Nikaitazama, kidole hewani,
kama mtu anayechagua nyanya:
hii imebonyea, hii ya nchi nyingine, labda hii.
Wewe hukungoja kidole kishuke.
Ulikwishatoka mlango wa nyuma na pochi yangu,
ukazunguka nyumba zote za orodha ile,
unagonga, unabeba:
mvinyo wa Wazungu kwenye bilauri za shingo ndefu,
mkopo wa haraka bila dhamana,
namna ya kupunguza tumbo kwa siku saba,
viatu vya theluji. Theluji, hapa,
ambapo Oktoba mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya umeme.
Ukavirundika nyuma ya ukuta, nisikoona,
ili siku nikivitaka nivikute tayari.

Ukurasa wangu ulipofunguka ulisema
"Changanya gramu"
kisha kikaja kile kiduara,
kinazunguka, kinazunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Halafu ujumbe: Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha.

Gramu ngapi?

Mwanangu Chilewa alikuja Jumamosi kutoka chuoni,
akacheka, vizuri tu, bila dharau.
"Mama, hiyo ni huduma. Inakuletea kabla hujaomba
ili usisubiri."
Nikamwambia, mimi nasubiri mvua tangu nizaliwe,
nani kasema kusubiri kunaniuma?
Na ukarimu gani huu, wa mfuko wa mwenzio?
Akanionyesha mipangilio, ndani ya mipangilio mingine,
swichi ndogo kama jicho la kuku,
imewashwa tangu kiwandani.
"Nani alikubali?"
"Wewe, Mama. Kwa kutokataa."

Hapo nikanyamaza kidogo.
Maana mwaka ule, Mvumi, mbele ya baba zangu wadogo,
ng'ombe wameshahesabiwa zizini,
waliniuliza mara moja kama nimeridhia.
Nikatazama vidole vya miguu yangu,
na kabla sijaokota neno
vigelegele vikajibu.
Kimya chake ndiyo yake, alisema shangazi.
Sikumwambia Chilewa. Baba yake hakuwa mtu mbaya.

Waliokuita kivinjari hawakukosea:
kuvinjari ni kuzungukazunguka,
doria ya askari,
au ya mtu anayepima ukuta wa jirani.
Lakini kiungo, hicho unachokikimbilia,
kwangu mimi ni bizari, au ni goti.
Na goti haliendi safari kwa kuwa limetazamwa.

Swichi nimezima.
Dawa nilipima kwa kifuniko cha soda,
kwa kumbukumbu za jirani yangu Ndahani
ambaye naye alikuwa anakisia.
Mistari mitatu imeungua majani; iliyobaki inajaribu.

Leo sijafungua chochote.
Simu nimeifunga kwenye pindo la khanga tangu alfajiri.
Asubuhi ilisema MB mia nne na kumi.
Sasa inasema mia nne na tatu.

Jioni nafunga koki ya matone kwa mkono wangu,
naizungusha mpaka inagoma,
kisha nainama kati ya mizabibu,
sikio karibu na bomba,
nasikiliza.