Funga Dirisha

Kabla ya yote, Mize, nipishe nifunge dirisha.
Majamvi ya karafuu yamekunjwa tangu magharibi,
harufu haikukunjwa,
na karafuu ina tabia ya mgeni mbaya:
ikiingia, wengine wote hunyamaza.
Leo nataka kusikia harufu yako wewe.

Umekuja saa tano usiku, Micheweni imelala,
mkono mmoja kiunoni, mwingine umemshika mkweo,
na uchungu usiojua tarehe zake.
Nakuuliza miezi. Unahesabu kwa mifungo:
damu uliiona mara ya mwisho usiku wa Maulidi,
Mfungo Sita, ikakuharibia kanga mpya.
Leo ni ishirini na mbili, Mfungo Mosi.
Nahesabu kwa vidole, narudia kwa peni kiganjani:
wiki thelathini na moja.

Mapafu ya mwanao ni daftari lililolowa,
kurasa zimeshikana.
Ipo sindano ya kuzitenganisha. Ninayo kabatini,
vichupa sita, nilivihesabu jana.
Mkono umeshakwenda kuvunja cha kwanza.
Naurudisha.

Mwaka juzi, msimu kama huu, kitanda hiki hiki,
alilala Zuwena binti Makame, na dirisha lilikuwa wazi.
Nilisikia karafuu.
Nikaandika: maji safi, hayana harufu.
Nikachoma sindano ya mapafu juu ya moto uliofukiwa majivu.
Asubuhi moto ukajitokeza wenyewe.
Mama alikaa hospitali ya Mkoani siku kumi na tisa.
Mtoto hakukaa.

Kwa hiyo nisamehe nikiwa mgumu.
Kipimajoto kinasema thelathini na saba nukta moja.
Vyema. Lakini mshipa wa mkono wako unapiga mia na nne,
na mwenye kukimbia ana anachokikimbia.
"Umekula dawa gani?"
Unamtazama mkweo. Bi Riziki anatazama sakafu.
"Panadol. Mbili, baada ya isha.
Kiuno kinamkata, mwanangu, ningefanyaje?"
Si kosa lako, Bi Riziki.
Ila kipimajoto changu umekipa hongo.

Nampigia daktari. Mtandao unakatika, unarudi.
Anauliza mkono, anauliza pua, anauliza sikio.

Nabonyeza tumbo uchungu ukiachia.
Hapa? Hapana. Na hapa? Hapana.
Laini, kama donge la maandazi lililoachwa liumuke.
Naikaribia pedi: ute, damu kidogo,
mwili wa binadamu, basi.
Nafumba macho nihesabu moyo wa mwanao,
mia na arubaini na sita. Huyu anatembea, hakimbii.
Kijiti cha mkojo hakikugeuka rangi.
Chupa ya dripu imekwisha, na mshipa wako umeshuka,
tisini na mbili. Labda ilikuwa kiu na woga.
Labda.

Kwa "labda" hiyo nachoma pajani, saa sita kasoro kumi.
Naandika saa. Naandika Panadol, naizungushia duara.

Kisha sifanyi lolote la kuonekana. Nakaa.
Mbu, pampu ya maji, Bi Riziki na tasbihi yake.
Saa nane, Panadol imekwisha nguvu,
sasa kipimajoto hakina wa kumwogopa.
Nakiweka kwapani. Umelala mdomo wazi.
Dakika tatu, ndefu kuliko zamu nzima.

Thelathini na saba kasoro kidogo.

Sijashukuru bado. Saa kumi nitapima tena,
mchana atapima Bikombo, na sindano ya pili ni yake,
kisha ya tatu, kisha ya nne, kama uchungu utatuhurumia.
Humo ndani mwanao anabandua ukurasa mmoja,
anapumzika, anabandua mwingine.

Katika daftari la makabidhiano nimeandika yote yanayotakiwa,
joto, mshipa, moyo, saa.
Chini yake, kwa wino mwekundu,
nimeongeza neno ambalo hatukufundishwa chuoni:
Bikombo, kabla hujanusa,
funga dirisha.