Nusu Mkate

Bili ya joto ilipofika Novemba
nilivaa miwani nikaisoma,
nikavua miwani nikaisoma tena,
labda itapungua.
Łódź nzima ilikuwa na barafu madirishani.

Nikachukua daftari la Ludomir, lile la zamu zake za tramu,
kurasa tupu tangu Machi,
nikalitundika kwa uzi ubavuni mwa jokofu.
Nikajiambia: Bronisława, kila kiendacho jaani
kipite kwanza humu, jina lake na bei yake.

Jumatatu: mkate mweusi, zaidi ya nusu, umeota manyoya. Zloti nne.
Jumatano: krimu, haijafunguliwa. Tatu na nusu.
Alhamisi: soseji za moshi, sita kati ya sita. Kumi na moja.
Jumamosi: viazi vya kuchemsha, sufuria kasoro sahani moja.
Sikujua bei ya viazi vilivyokwisha kuiva.
Nikaweka alama ya kuuliza.
Jumapili sikuandika. Nililionea daftari haya.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Hakuna aliyenionya
kwamba haba na haba hukimwaga vilevile.

Teofila wa ghorofa ya pili alikuja kuazima chumvi,
akalisoma daftari bila kuombwa, ndivyo alivyo.
"Wewe huli soseji," akasema.
"Unamnunulia nani?"

Akaondoka na chumvi yangu.
Swali akaniachia mezani.

Ludomir alikuwa akikata mkate ameukumbatia,
kisu kikielekea kifuani.
Miaka arobaini na mmoja nilimkemea:
kitakuchoma moyo hicho!
Moyo ulisimama wenyewe, kituoni, asubuhi,
mikono yake mitupu.

Na mimi, tangu siku hiyo,
mkate mzima, sufuria kubwa, soseji sita.
Kumbe jaa ndilo lililokalia kiti chake,
likila fungu lake,
na mimi nikililipia.

Dukani kwa Gniewko foleni ilifika mlangoni.
"Mmoja, kama kawaida?"
"Nusu."
"Nusu?" Ana sauti ya mpiga mnada yule kijana.
Neno fupi, lakini lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki,
maana kulitamka mbele za watu
ni kusema yote.
"Nusu," nikasema. "Niko peke yangu."
Kisu kikapita. Nyuma yangu msichana mwenye nywele mbichi,
mwanafunzi, vitabu kwapani, akadakia:
"Nusu ya pili nipe mimi."

Siku hizi mkate ukikauka naukata vidonge,
naukaanga na kitunguu saumu, nautia kwenye supu.
Viazi vya jana huwa chapati za leo.
Maganda ya karoti yanachemka na majani ya kabichi
na nyumba inanukia kana kwamba kuna wageni.
Sufuria kubwa nimempa Teofila. Hajarudisha chumvi.

Februari nilijumlisha mara mbili:
zloti themanini na sita zimebaki mkobani.
Nikakizungusha kitufe cha hita, kutoka mbili hadi tatu,
nikavua koti ndani ya nyumba yangu.

Machi, siku yake ilipotimia mwaka,
nilinunua soseji mbili.
Moja niliila, siipendi, niliila.
Ya pili ilikaa sahanini mpaka asubuhi.
Daftari linayo: zloti mbili, bila alama ya kuuliza.
Hiyo nimejisamehe.