Madzi

Uwanja wa ndege, foleni ya pasipoti. Afisa
akauliza: "Uhusiano?" Nikaandika mama,
kalamu ikakauka kwenye m ya pili.
Miaka mitatu ya mihuri ya Lilongwe,
na herufi moja inanigomea.

Tabata, umeme umekatika.
Chikondi kaketi, hajavua viatu,
begi mgongoni kama abiria.
Mama Shukuru wa mlango wa pili kachungulia:
"Ndiye huyo? Mbona hafanani na wewe?"
Atafanana. Mpe vipele vya joto hili, mpe muda.

Usiku wa manane, sauti:
"Madzi."
"Maji?"
"Madzi."
Nikapapasa ndoo, nikachota.
Akanywa nusu,
nusu akaisukuma gizani
taratibu, ikimwagika,
mpaka ikaupata mdomo wangu.