Mita Kumi na Tano

Brunon aliniuliza uzito kabla ya jina.
Kilo themanini na sita, nikasema,
nikitazama sakafu ya gereji yake
kama mtu anayeungama kwa padri asiye wake.
Akaandika ukutani kwa kalamu ya seremala,
chini ya uzito wa wengine: hamsini na tisa, mia na mbili, sabini.
"Haya. Na upepo wako ni upi?"

Upepo wangu!
Kumbe kila mtu ana wake.
Wangu ni huu wa Ghuba ya Puck mwezi wa Juni,
unaokausha soksi kwa siku mbili,
noti tisa, kumi, kumi na moja ukibembelezwa,
nami nina likizo ya wiki tatu tu
kutoka dirisha la tiketi, stesheni ya Wejherowo,
nilikokaa miaka ishirini na sita
nikiwauzia watu kwenda.

Palikuwa na tiara nyekundu, mita tisa, mpya.
Klemens, kijana wake, aliikunjua mezani taratibu
kama anayenifunulia mtoto mchanga.
Niliipenda, naapa,
nilivyowahi kupenda viatu visivyoniingia.
"Hiyo ni ya Oktoba," Brunon akasema.
"Kwa upepo wako italala majini
kama kuku aliyenyeshewa."

Mtaka cha mvunguni huinama;
mtaka upepo haba hutandaza.
Akaburuta gunia la samawati iliyopauka:
mita kumi na tano, mbavu tatu, kitambaa chepesi,
pana tumboni, si ile ndefu nyembamba
isiyosamehe mkono wa mgeni.
Na ubao? Akashusha kitu kama mlango wa kabati,
sentimita mia na sitini na mbili, bapa, bila urembo.
"Uliopinda huchimba maji. Wewe
huna upepo wa kuchimbia."

Tukaijaza tiara kwa pampu, tukapaka povu la sabuni,
tukakaa kimya tukitafuta pumzi inayotoroka.
Hakuna.
Ndipo nikapitisha kidole kwenye mishono.

Mama yangu alishona mashuka ya hospitali.
Najua mshono kwa giza.
Karibu na ncha ya kushoto palikuwa na kiraka,
na kiraka kimeshikwa kwa uzi wa pamba.
Pamba! Chumvi itaula kabla ya Septemba.
Brunon akavaa miwani. Akavua. Akaifuta.
Akapunguza zloti mia mbili
bila kuniangalia.

Sikumwambia fedha zilizobaki zilitoka wapi:
kwamba Jumatatu ile ile nilikuwa nimeuza
cherehani ya mama.

Basi nikashona kwa mkono, usiku tatu,
meza ya jikoni haikutosha,
samawati ikamwagika hadi chini ya friji,
paka akalala katikati yake akakataa kuondoka.
Sindano mbili zilivunjika. Kidole kimoja kikatoboka.

Siku ya nne, noti kumi.
Kabla ya kuingia majini nilivuta kifyatulio cha usalama mara tano,
mara ya sita macho yakiwa yamefumbwa,
kwa kuwa Brunon alisema mkono uijue njia
kichwa kikiwa kimeikimbia.
Maji kiunoni. Klemens akaiachia.
Ikapanda polepole, kubwa, ya kizamani,
na mkanda ukanishika kiuno
kwa adabu ambayo sikuitarajia.

Nilisimama juu ya mlango wangu
kwa umbali wa, tuseme, mabehewa mawili.
Kisha upepo ukakoma tu, kama mtu aliyeitwa ndani,
na tiara ikashuka bila haraka,
ikajitandika juu ya ghuba.

Upepo haba hauinui kilicholala.
Nikatembea kuifuata, maji magotini,
nikikusanya kamba, mita ishirini na nne, moja moja.
Nilipofika sikuigeuza kwanza.
Niliitafuta ncha ya kushoto.
Uzi ulikuwa umelowa. Ulikuwa pale.