Gramu Ishirini

Ulikuja kabla hatujanunua hata beseni.
Wiki nane kabla. Elfu moja mia tatu na hamsini,
muuguzi aliandika kwa wino mwekundu,
nami nikadhani wekundu ule ni kosa langu.

Kitete, chumba cha mwisho, vitanda vitano.
Huko nje watu hubeba watoto mgongoni.
Sisi tulifunga khanga upande wa moyo,
ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu katika joto la Oktoba,
tukaenda msalani polepole
kama watu walioficha yai.
Majina hatukuyashika upesi. Tuliitana kwa uzito:
Mama Elfu na Mia Mbili, habari za asubuhi.

Maziwa yangu hayakuja.
Siku ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikakamua
hadi kidole gumba kikafa ganzi,
na kikombeni: tone,
la manjano, dogo, la kuaibisha.
Nilitaka kulimwaga.
Holo akanidaka mkono,
Holo wa Urambo, vidole vyeusi bado kwa tumbaku
hata baada ya nusu mche wa sabuni:
"Unamwaga nini? Nyuki hawajazi mzinga kwa siku moja."

Basi nikawa kazi ya chumba kizima.
Wande akachovya taulo katika maji ya chupa ya chai,
akanikanda, akanichua kwa mgongo wa kitana,
huku akitukana, hatukujua anamtukana nani.
Mama yake Nkwimba akaleta uji wa ulezi na karanga,
akanisimamia kama askari hadi kijiko kikakwaruza bakuli.
Kila mmoja na dawa yake:
mlenda. Hapana, supu ya kongoro. Hapana, usingizi.
Usingizi! Tulicheka hadi mishono ikatukemea.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema.
Labda. Lakini saa tisa usiku
aujuaye ni wa kitanda cha pili,
aliyesikia simu yangu ikilia nami sikuisikia.
Umeme umekatika. Treni ya Kigoma inapiga honi stesheni.
Nkwimba ameuma tochi kwa meno
ili niuone mstari wa mililita tano.

Wande alikuwa na Kulwa na Doto.
Alfajiri ya Jumatano alikuwa na Doto.

Hatukusema kitu. Tungesema nini?
Holo alipanda kile kitanda chembamba,
akalala nyuma yake, akamshika
yeye aliyemshika mtoto.
Na maziwa ya wawili yakaendelea kushuka,
yakalowesha shuka, yakalowesha godoro.
Hakuna aliyeyapa habari.
Safari hii taulo nilichovya mimi.
Nilimkanda bila kutukana, na hilo ndilo lililomliza.

Wewe ulikuwa unapungua.
Kila asubuhi mzani, kila asubuhi wino ule ule.
Tukakulisha kwa kikombe kidogo kama kisoda,
ukilamba mithili ya paka, ukisinzia, ukisahau kumeza.
Kisha Jumamosi muuguzi akakupima,
akakuondoa, akakupima tena:
"Zimeongezeka. Gramu ishirini."

Gramu ishirini, mwanangu! Chumvi ya mboga ya siku moja.
Milembe, wa kitanda cha tano,
miaka kumi na saba, wiki nzima hajafungua kinywa,
ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.
Tukakipokea. Wodi ya wanaume wakagonga ukuta.
Na Wande,
Wande naye alipiga,
chake kifupi, kikavunjika katikati,
akakirudia.

Sasa unakimbia, unakataa mlenda,
unauliza "Wande Kitanda cha Pili" ni nani katika simu yangu.
Yuko Sikonge. Hatupigiani.
Ila kila Oktoba, saa tisa usiku,
mmoja wetu humwandikia mwenzake maneno matatu:
Ana kilo ngapi?