Maji ya Evanthia

Wageni hupanga foleni kwenye miavuli ya chuma
pale ufukweni Thesaloniki,
wapige picha, walambe aiskrimu, waende.
Evanthia, mpeleka barua mstaafu, huwapita kimya
na chupa yake ya maji na brashi ya viatu.

"Mji huu," asema, "hausomeki ukiwa mkavu."

Kwenye kizingiti cha muuza samaki akamwaga:
jiwe likabadilika rangi, kisha herufi,
zile zianziazo kulia,
zikachomoza kama vipele vya baridi.
Jina. Nusu yake. Mwashi alilikata
ili ngazi itoshe.

Makaburi ya Wayahudi yalivunjwa wakati wa vita,
wenye wafu wakapakiwa kwenye garimoshi,
na marumaru, kwa bei ya chee, ikawa mitaro,
ua wa shule, sakafu ya kanisa.
Nilimsikitikia muuza samaki
mpaka nilipofika nyumbani.

Uani petu kuna bamba
ambalo mama hufulia mazulia juu yake tangu aolewe.
Tulilipindua kwa mtaimbo, mimi na jirani Pantelis.
Chini palikuwa na konokono, mizizi,
na mistari minne, mikali kana kwamba imechongwa jana,
maana ililala kifudifudi.

Mama hakusema neno. Alikausha mikono,
akahamishia beseni kwenye saruji, mbali na bomba.
Tangu siku hiyo hulalamikia mgongo,
lakini harudi pale.