Pini Mdomoni

Nikimpima mtu huwa na pini sita mdomoni,
kumjibu siwezi.
Ndiyo maana Ngamiani nzima huja kusemea kwangu.

Bi Mwanakombo, kifua arobaini na nne,
kaleta dera la harusi ya mjukuu, nipunguze mabega.
Macho yake yako ng'ambo ya Barabara ya Tisa,
pale palipokuwa kwa Hamza Baiskeli.
Sasa pana kioo toka sakafuni hadi darini
na maandishi yanayowaka hata saa sita mchana.
"Kahawa elfu tano, mwanangu! Elfu tano!
Wameichemshia maji ya zamzam?"
Nazungusha futi. Mmh, najibu kwa pua.
"Na povu lenyewe tamu, ila haliteremki kooni."
Kumbe kashaenda.

Shemhilu, dereva wa lori la saruji,
kiuno thelathini na nane, mwaka jana thelathini na sita:
"Waache waje. Mji huu ulilala, ukakoroma.
Mkonge ulipoporomoka tulibaki kuhesabu
nani kapita na baiskeli ya nani.
Leo taa ya barabarani inafika mpaka kitandani kwangu."
Anainua mkono nipime kwapa.
"Kodi nayo imefika. Toka thelathini hadi themanini."
Anacheka. Tumbo linatikisika, kipimo kinapotea,
naanza upya.

Amri wa bajia hakuja kushona,
kaja kuomba kivuli cha saa moja.
Kaambiwa asogee, mafuta yake yanatia ukungu kioo.
Kasogea hatua hamsini.
"Hamsini tu," anasema, "lakini mwenye njaa
hazitembei. Ananunua kilicho mbele ya pua."
Bajia zake zimepoa. Nimenunua nne.
Mbili nimekula, mbili zimo kwenye droo ya vifungo.

Binti yangu yeye anataka kazi mle ndani.
Kishajifunza kutamka majina ya vinywaji,
anayafanyia mazoezi akiosha vyombo.

Hamza mwenyewe alikuja Alhamisi, toka Pongwe alikohamia,
na suruali iliyochanika mnyororoni.
Aliketi kuipa ng'ambo mgongo.
Siku hiyo nilizitema pini, nikazichomeka mkononi mwa gauni,
nikamuuliza.
"Mlango wangu," akasema, "ule wa mbao.
Wameupiga msasa, wakautundika ukutani. Pambo.
Watu wanapigia picha.
Alama ya kiganja changu, ile ya grisi, wameiacha.
Mhudumu kaniambia ndiyo inayopendwa zaidi."
Nikamshonea bila malipo.
Akaweka buku juu ya cherehani, akaondoka.

Sikwambieni la Jumapili, ila limenikaa.
Mwenye nyumba alipita na futi ya chuma,
ile inayojirudi yenyewe kwa kishindo.
Akapima upana wa baraza langu,
akapima mlango, akaandika kiganjani, akanisalimu.
Hakusema anapima nini.
Mimi futi nimeishika miaka ishirini na mitatu:
mtu hapimi asichotaka kukikata.

Leo kavuka barabara mwenye kioo.
Wanasema mgeni, wanasema katumwa, wanasema pesa za majini.
Ni mtoto wa Chumbageni, namjua mama yake,
alinichoma sindano za surua.
Anataka aproni ishirini, za kahawia, mfuko mmoja mbele.
Katanguliza nusu, noti mpya zinazoteleza.
Kisha akataka na gauni lake la Idi.
Kifua thelathini na nne. Mabega membamba, yamekakamaa.
Kucha kazitafuna mpaka nyama.
Nilipofika shingoni akauliza, taratibu,
kama anayeuliza bei ya kitu asichokimudu:
"Mama Rehani, wanasemaje juu yangu?"

Nilikuwa na pini sita mdomoni.
Nikaongeza ya saba.